Kisima kina chumvi, jabia lina uchafu: tuombe ruzuku ya kitu gani?

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama upande wa Faza, kisiwani Pate. Visima vyetu ni vya chumvi, tunakunywa maji ya jabia, lile birika kubwa la kukingia mvua, na kila mvua zikianza watoto wanaharisha. Tumewaandikia wafadhili watatu tukiomba mtambo wa kuondoa chumvi kama ule wa Kiunga. Wawili hawakujibu, wa tatu alisema ombi halijakidhi vigezo. Sasa amejitokeza bwana mmoja kutoka Mombasa anayesema atatuandikia pendekezo zuri, tumpe elfu thelathini kwanza na asilimia kumi fedha zikitoka. Tufanyeje?

JIBU: Wa aleikumu salaam, dada yangu, na wasalimie wenzako wote kikundini.

Nianze na huyo bwana, kwa kuwa ndiye mwenye haraka. Msimpe kitu. Wafadhili wengi hawaruhusu kamisheni ya mwandishi ndani ya bajeti, kwa hiyo asilimia kumi yake itabidi ifichwe mahali, labda kwenye bei ya saruji au nauli ya boti, na siku mkaguzi akija wa kuulizwa ni nyinyi mliotia saini. Halafu kuna maandishi yenyewe. Kazi yangu ni kusoma mapendekezo ya maji kabla hayajafika kwa wanaoamua, na haya ya kuuziwa hujitambulisha yenyewe: ukurasa wa kwanza mradi uko Kizingitini, ukifika wa sita watu wale wale wanachunga ngamia Garissa. Mkihitaji mkono wa kuandika, mlipeni mtu ujira mliokubaliana kwa kazi iliyokwisha, au mchukueni kijana wenu aliye chuoni mkae naye. Habari zinazotakiwa mnazo nyinyi, yeye hana.

Sasa barua zenu. Umeniambia visima ni vya chumvi, na umeniambia watoto wanaharisha kila mvua zikianza. Hizo ni habari mbili mbali mbali. Mtoto anayekunywa maji ya jabia haharishi kwa sababu ya chumvi ya kisimani, na mtambo wa kuondoa chumvi hautaligusa jabia. Msomaji wa barua yenu anaona ugonjwa uko huku na dawa inaombewa kule, anaiweka kando na kuchukua nyingine. Hakuwadharau. Hakuona tu fedha zake zingemponya nani.

Mtambo wa Kiunga, ule wa umeme wa jua uliowekwa na shirika la GivePower mwaka 2018, ni kitu cha kweli na ninaelewa kwa nini unatamanika. Lakini angalieni unavyofanya kazi. Maji ya bahari husukumwa kwa mgandamizo mkubwa sana, mara hamsini na zaidi ya ule wa hewa, yapenye kwenye utando ambao huzuia chumvi. Zaidi ya nusu ya maji yaliyovutwa hurudi baharini yakiwa na chumvi kali kuliko yalivyokuja. Utando huziba na hubadilishwa, pampu huliwa na kutu, na fundi wake hapatikani Faza wala ng'ambo ya bara, Mokowe. Mfadhili mwenye uzoefu ameshaona mitambo ya namna hii ikifunikwa turubai mwaka wa tatu, basi swali lake la kwanza ni nani atalipia utando mpya. Barua ya kikundi cha akina mama isiyo na jibu la swali hilo haiendi mbali, hata ikiandikwa kwa wino wa dhahabu.

Kuna na wazo la kuchimba kisima kirefu zaidi, ambalo hamkulitaja ila najua mtu atalileta kikaoni. Kisiwani maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari ndani ya mchanga na mawe. Kwa kanuni wanayotumia wataalamu wa maji ya chini ya ardhi, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 chini yake. Mkivuta hadi usawa ushuke mita moja, chumvi nayo inapanda kuwafuata, na hesabu yake ni hizo hizo mita 40. Ndiyo sababu vilima vya mchanga vya Shela, vinavyoulisha maji mji wa Lamu, vikalindwa kisheria, na ndiyo sababu kelele hupigwa kila mtu akitaka kujenga au kuchota mchanga pale. Tena kisima kirefu hakichimbwi bila idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA. Kukarabati jabia lililopo ni safari fupi zaidi ya karatasi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: ombeni ruzuku ya jabia. Kabla ya kuomba, lipimeni.

Nendeni siku ya jua, watu watatu au wanne, na daftari. Tazameni sakafu yake ya kukingia mvua. Najua mtakachokikuta maana majabia mengi ya Lamu Mashariki yanafanana: ukuta wa kuizunguka umebomoka upande mmoja, mbuzi wanalala hapo usiku, punda wanapita, na mavi yao yamekauka yanangoja mvua. Chokaa imefanya nyufa. Mdomo wa jabia hauna mfuniko, au una bati lililotobolewa na kutu. Ndoo ya kutekea ina kamba ndefu, na ile kamba mtu akishateka huiacha chini mchangani, wa pili akija anaitumbukiza ilivyo. Pigeni picha vitu hivyo kimoja kimoja kwa simu, na kila picha iandikiwe tarehe. Pimeni kwa futi ya fundi urefu na upana wa sakafu, kisha urefu, upana na kina cha jabia lenyewe.

Sasa maji. Kwa vijidudu kuna chupa ndogo za kipimo kiitwacho H2S. Unajaza, unafunga, unaweka ndani kivulini. Joto la Pate linatosha, hakuna haja ya mashine. Katika siku moja au mbili maji yakigeuka meusi, ni dalili ya kinyesi. Msikitumie kwa kisima chenye harufu ya yai viza, kwa sababu gesi hiyo ya H2S, ikiwamo ardhini, itayafanya maji yawe meusi hata kama hayana kinyesi, nanyi mtapata jibu la uongo. Kwa jabia kinafaa. Chukueni maji sehemu tatu: yanayotiririka sakafuni mvua ikinyesha, yaliyomo ndani ya jabia, na yale ya mtungi wa kunywa nyumbani. Hii ya tatu ndiyo watu huiacha, na mara nyingi ndiyo yenye habari. Jabia likionyesha safi na mtungi mchafu, shida iko kwenye kata ya kuchotea na mikono, na hapo hata jabia jipya la milioni halitawasaidia.

Kisha mwombeni afisa wa afya ya umma wa kaunti achukue sampuli rasmi. Sampuli ya vijidudu hukaa kwenye barafu na inatakiwa ianze kupimwa ndani ya saa 24, jambo ambalo kwa mtu wa Faza ni mtihani: boti lipate maji ya kupita kwenye mlango wa bahari wa Mkanda, gari lipatikane Mokowe, kisha barabara yote ile hadi maabara ya Mombasa. Pangeni siku hiyo kwa kufuata bamvua, na msiipange Ijumaa. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni kwamba kijidudu cha E. coli, ambacho ni dalili ya kinyesi, kisionekane hata kimoja katika mililita 100. Sampuli ya chumvi haina haraka hiyo, chumvi haiharibiki njiani. Kwa visima, kifaa kidogo cha mkononi cha kupima upitishaji wa umeme kinatosha. Bahari husoma karibu 50,000 kwa kipimo cha mikrosimensi kwa sentimita. Kisima kinachosoma elfu mbili na kitu mtu anaanza kukikunjia uso. Andikeni usomaji maji ya bahari yakijaa na yakitoka, kila wiki.

Kitu cha mwisho cha kukusanya kiko zahanati. Mwombeni muuguzi mkuu hesabu ya watoto wa chini ya miaka mitano walioletwa kwa kuharisha, mwezi kwa mwezi, mwaka mmoja uliopita. Hesabu tu, majina hayahusiki na msiyaombe. Wekeni hesabu hiyo kando ya miezi ya masika na vuli. Kama ulivyoniambia ni kweli, itajionyesha yenyewe.

Angalia tofauti inayoletwa na hayo. Barua yenu, nadhani, ilisema: «Jamii yetu inateseka sana kwa kukosa maji safi na salama, tunaomba msaada wenu.» Sentensi hiyo nimeisoma hadi naiona usingizini. Sasa fikiria, kwa mfano tu, inayosema: «Kati ya chupa 12 tulizopima jabiani mwezi wa Mei, 11 ziligeuka nyeusi. Mwezi huo zahanati iliona watoto mara tatu ya mwezi wa Februari. Sakafu ina nyufa na haina ukuta upande wa kusini, ambako mifugo hupita.» Namba ziwe zenu za kweli. Msomaji akifika hapo tayari anajua cha kugharamia kabla hamjamwomba.

Hesabu ya matumizi nayo ifanyeni wazi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Sakafu ya mita za mraba 300, ikinyeshewa milimita 60, inakinga lita 18,000; ondoeni moja ya tano kwa kupotea, zinabaki 14,400. Jabia la mita 8 kwa 5 lenye kina cha mita 2 na nusu linashika lita 100,000. Watu 300 wakichukua lita 5 kila mmoja kwa siku, ya kunywa na kupikia peke yake, jabia lililojaa linawafikisha siku 66. Siku 66 hazimalizi kiangazi chote cha kaskazi. Basi pendekezo lenu liseme hivyo hivyo, kwamba jabia ni la kunywa na kupika, kuoga na kufua kubaki kwenye visima. Wafadhili hupenda mtu anayejua mwisho wa mradi wake.

Ujenzi wenyewe si mkubwa. Kuziba nyufa, kuinua ukuta, mfuniko wa saruji wenye kufuli, pampu ya mkono ili ndoo na kamba zisiingie tena, na njia ya kumwaga mvua ya kwanza. Hii ya mwisho ni rahisi na ina faida kubwa kuliko zote: mkiacha milimita mbili za kwanza ziende nje, kwenye sakafu ile ya mfano mmepoteza lita 600, na uchafu mwingi umekwenda nazo.

Sasa mlango wa kubisha. Watu wengi huenda moja kwa moja kwa fedha za mbunge za CDF, yaani mfuko wa maendeleo ya jimbo. Huko mtapoteza muda: Katiba imeipa kaunti kazi ya huduma za maji, na sheria ya NG-CDF ya 2015 inafungia mfuko ule kwenye kazi za serikali kuu. Anzeni na kaunti, ofisi ya maji, hata kama mnaona wamewaahidi vya kutosha. Kila mwaka kaunti hupeleka mpango wake wa maendeleo kwenye bunge la kaunti ifikapo tarehe 1 Septemba. Jabia lenu likitajwa mle kwa jina, mfadhili yeyote wa nje atakayeuliza «kaunti inasemaje?» atapata jibu lenye maandishi. Lisipotajwa, hata ofisa anayewapenda hana mkono.

Mfuko wa Sekta ya Maji, unaojulikana kwa herufi WSTF, uliundwa hasa kwa ajili ya mahali kama kwenu. Sheria ya Maji ya 2016 inasema usaidie kugharamia huduma za maji katika maeneo yaliyosahaulika na yale yasiyofikiwa vya kutosha. Hutoa wito wa maombi kwa vipindi, na kila wito una masharti yake: mara mwombaji ni kaunti, mara kampuni ya maji, mara chama cha watumiaji wa rasilimali za maji. Msipeleke barua ya kujipendekezea. Ngojeni wito, ama muombe kaunti iwaingize kwenye ombi lake. Lamu pia ilikuwa kati ya kaunti 14 zilizotajwa katika orodha ya kwanza ya waliobaguliwa kimaendeleo kwa ajili ya Mfuko wa Usawazishaji, ule wa kifungu cha 204 cha Katiba, unaotengewa nusu ya asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka kwa maji, barabara, afya na umeme. Ule hauombwi na kikundi. Unasukumwa kupitia viongozi wenu. Lakini msiache kuutaja mkiwa nao kikaoni.

Mpango ninaoupa uzito zaidi kwa sasa ni wa FLLoCA, fedha za tabianchi zinazopitia kaunti kwa msaada wa Benki ya Dunia na wenzake. Una kamati za kupanga katika kila wadi, na kamati hizo ndizo zinazochagua miradi. Ukame kukausha majabia ni habari ya tabianchi moja kwa moja. Ulizeni nani anakaa kwenye kamati ya wadi ya Faza, na kama hakuna mwanamke wa kikundi chenu, hilo mlishughulikie kabla ya kuandika chochote.

Wa nje wako, ingawa uwanja umepungua tangu Marekani ilipoifunga USAID mwaka 2025, na waliobaki wanapata maombi mengi kuliko zamani. Ubalozi wa Japani Nairobi una ruzuku za miradi midogo ya jamii. Hulipia ujenzi na vifaa, hawalipi mishahara wala uendeshaji. Rotary, mtandao wa klabu za kujitolea, ina ruzuku kubwa ambazo bajeti yake huanzia dola 30,000, na zinataka klabu mbili, moja ya hapa na moja ya nchi nyingine, pamoja na tathmini ya mahitaji iliyofanywa na jamii yenyewe. Kwa jabia moja kiasi hicho ni kikubwa mno. Mkijiunga na vijiji jirani mkawa na majabia matano, ombi linakaa sawa. Klabu ya kuanzia itafuteni Malindi au Mombasa.

Karatasi zenu zikoje? Cheti cha kikundi kiwe hai chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, akaunti ya benki iwe na watia saini watatu, na taarifa ya benki ionyeshe fedha zinaingia na kutoka, hata kama ni mchango wa mia mbili mbili. Akaunti iliyolala miaka miwili inatia shaka kuliko akaunti yenye fedha kidogo.

Nimelichelewesha jambo la ardhi kwa makusudi kwa kuwa ndilo linaloweza kuwachelewesha zaidi. Majabia mengi ya kwetu ni wakfu au sadaka ya mtu aliyekwishafariki, na hati hakuna. Mfadhili atataka kujua ni mali ya nani. Waendeeni msimamizi wa wakfu, warithi na kamati ya msikiti, mketi, na muandike barua ya kurasa mbili kwamba jabia litabaki la umma, litakarabatiwa, na hakuna atakayelidai baadaye. Mzee wa mtaa na chifu watie saini. Fanyeni hivi sasa, kabla fedha hazijanusika. Fedha zikishanusika, warithi huongezeka.

Na kwa kuwa ni sadaka, kuna watu hawatakubali maji yauzwe, nao wana haki. Lakini pampu itaharibika na mfadhili atauliza matengenezo yatalipwa na nani. Njia niliyoiona ikikubalika ni kutouza mtungi: kila nyumba inachangia kiasi kidogo kwa mwezi kwa ajili ya kulitunza jabia, asiye nacho anasamehewa kimya kimya, na hesabu inasomwa hadharani msikitini au barazani kila baada ya miezi mitatu. Liwekeni pendekezoni kama lilivyo, pamoja na jina la cheo cha anayeshika daftari.

Haya yote yatachukua miezi, pengine mwaka, na watoto hawatangoja. Kwa jabia lile la lita 100,000 lililojaa, gramu 150 hivi za unga wa klorini wa asilimia 65 zinatosha kuanzia. Uyeyusheni kwenye ndoo ya plastiki, umimineni jioni watu wakishamaliza kuteka, mkoroge kwa ndoo safi. Asubuhi pimeni klorini iliyobaki, kipimo kizuri ni kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Ikiwa haipo, maji ni machafu kuliko tulivyodhani, ongezeni kidogo usiku unaofuata. Afisa wa afya ya umma anao unga huo au anajua unakopatikana, na mara ya kwanza awepo yeye mwenyewe. Kabla ya masika, fagieni sakafu, zibeni pengo la ukuta hata kwa miba na boriti za mikoko, na mtundike ndoo moja tu ya jabia, ikae juu ya mti wake, kamba isifike chini.

Mkishapata usomaji wa chupa za kwanza na vipimo vya sakafu, niandikie tena. Nitaipitia bajeti yenu bila malipo.